Maharagi si aibu, lakini yai ni la mtoto

Uliza familia kumi za Bunia zilikula nini jana jioni. Nyingi zitakujibu hivi: fufu na maharagi tu. Uliza katika kambi ya Kigonze, au kwa wakimbizi wa ndani waliopokelewa na jamaa zao Mudzipela, Bankoko na Saio, utapata jibu lile lile, na siku nyingine hata hayo maharagi hayapo. Leo tunataka kuzungumza juu ya neno hilo dogo, "tu". Linasemwa kwa aibu, kama vile aliyekula maharagi hakula kitu. Aibu hiyo inaharibu afya ya watu wetu kwa njia mbili, na njia zote mbili zinaishia kwa mtoto.

Njia ya kwanza: mama anapata maharagi kwenye mgao au anavuna kidogo, anauza nusu ili anunue kipande cha nyama au makayabu kwa ajili ya heshima ya sahani. Anarudi na chakula kidogo kuliko kile alichouza. Njia ya pili: kipande hicho kikifika nyumbani, kinakwenda kwa baba na kwa mgeni. Mtoto wa mwaka mmoja anapewa fufu na supu. Kwa hiyo nyumba imepoteza maharagi, na aliyehitaji nyama hakuionja.

Maoni yetu ni haya. Kwa mtu mzima, maharagi, soja na karanga ni chakula kamili cha nguvu ya kila siku vikipikwa na kuchanganywa vizuri, wala asione haya. Lakini kwa mtoto wa chini ya miaka miwili na kwa mama mwenye mimba, chakula kidogo kinachotoka kwa mnyama hakina mbadala rahisi. Basi kile kidogo kilichopo kianzie kwao. Tuanze na hesabu, kwa sababu ugomvi mwingi juu ya nyama na maharagi unafanyika bila hesabu.

Kilo moja ina nini ndani

Protini ndiyo inayojenga mwili: misuli, damu, ngozi, nywele, na askari wa mwili wanaopigana na magonjwa. Shirika la Afya Duniani, OMS, pamoja na FAO, walitoa kipimo mwaka 2007: mtu mzima anahitaji karibu gramu 0.83 za protini kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Mtu wa kilo 60 anahitaji basi karibu gramu 50. Mama mwenye mimba na anayenyonyesha wanahitaji zaidi.

Sasa tuingie sokoni. Kilo moja ya maharagi makavu ina karibu gramu 220 za protini. Kilo ya nyama ya ngombe isiyo na mfupa ina karibu gramu 200, lakini sisi wote tunajua kwamba nyama ya kwetu inapimwa pamoja na mifupa yake. Kilo ya karanga ina karibu gramu 250. Kilo ya soja ina karibu gramu 360. Kilo ya samaki wadogo wakavu, ndakala kama wengi wanavyowaita, inaweza kufika gramu 600, kwa sababu maji yote yamekwisha kutoka. Yai moja lina gramu 6 hivi.

Huna haja ya mwandishi kukuambia bei, kwa maana bei inabadilika kila barabara inapofungwa. Fanya hesabu wewe mwenyewe. Uliza kilo ya maharagi ni franka ngapi, kisha uliza kilo ya nyama. Zigawe kwa gramu tulizozitaja. Utaona ni protini ipi inayokula mfuko wako. Tena fanya hivyo kwa ndakala: kopo lake linaonekana ghali, lakini ndani yake mna protini mara tatu ya nyama kwa uzito ule ule.

Wengine watasema: mbona maharagi yaliyopikwa yanashindwa na nyama iliyopikwa? Ni kweli, kwa sababu maharagi yanakunywa maji. Gramu 100 kavu zinatoa zaidi ya gramu 200 sahanini. Ndiyo maana mtu mzima anahitaji sahani iliyojaa, si kijiko cha kupaka rangi juu ya fufu. Vilevile mwili hautumii protini yote ya maharagi kama unavyotumia ile ya yai au ya samaki. Sehemu fulani inapita bure. Kwa hiyo ongeza kidogo juu ya hesabu.

Tatizo kubwa liko kwenye fufu

Hapa ndipo tunapokosea mara nyingi. Tunalalamika juu ya mboga, tunasahau mlima wa fufu ulio pembeni yake. Chukua mtu anayekula unga gramu 400 kwa siku. Ukiwa wa muhogo mtupu, unampa protini gramu 6 hivi. Ukiwa wa mahindi, unampa gramu 30 na zaidi. Ongeza gramu 100 za maharagi makavu, yaani gramu 22 za protini. Mla mahindi na maharagi amevuka gramu 50, yaani amefika. Mla muhogo na maharagi amebaki chini ya 30. Wote wawili hawakula nyama, lakini mmoja ameshiba kweli na mwingine amedanganywa na tumbo.

Hatusemi muhogo ni mbaya. Muhogo umeokoa watu wengi katika vita hivi kwa sababu unasubiri ardhini. Lakini anayeweza kuchanganya unga, achanganye: nusu muhogo, nusu mahindi. Wengi Bunia wanafanya hivyo tayari kwa ajili ya ladha. Wafanye pia kwa ajili ya damu.

Tena kuna jambo la kutisha ambalo Kongo inalijua kuliko nchi nyingine. Mwaka 1938 daktari Giovanni Trolli alieleza ugonjwa uliokuwa unapooza miguu ya watu wa Kwango, upande wa magharibi wa nchi yetu. Wenyeji waliuita konzo. Baadaye wataalamu waligundua kwamba unatokea pale watu wanapokula muhogo mchungu usioloweka vya kutosha, huku chakula chao kikiwa hakina protini ya kutosha. Muhogo mchungu una sumu, na mwili unatumia sehemu fulani ya protini ili kuiondoa. Protini ikikosekana, sumu inabaki. Familia iliyokimbia, inayoloweka muhogo siku moja badala ya siku tatu kwa sababu watoto wanalia njaa, iko kwenye njia hiyo hiyo. Loweka mpaka ulainike, kausha vizuri juani. Na sombe itwangwe na ichemshwe kwa muda mrefu, kwa sababu hiyo hiyo.

Kwa nini bibi zetu walipika vile

Protini imejengwa kama nyumba, kwa matofali ya aina 20. Aina tisa kati ya hizo mwili wa mtu mzima hauwezi kuzitengeneza. Lazima zitoke kwenye chakula. Nyama, samaki, maziwa na mayai yanazo zote kwa kipimo kizuri. Mahindi yamepungukiwa na tofali moja linaloitwa lizini. Maharagi yana lizini nyingi, lakini yamepungukiwa na lingine linaloitwa metionini, ambalo mahindi yanalo. Moja linafunika kasoro ya lingine. Si lazima hata yawe kwenye sahani moja. Ukila uji wa mahindi asubuhi na maharagi jioni, mwili unakutanisha matofali.

Bibi zetu hawakusoma hayo, lakini walipika hivyo: mahindi na maharagi kwenye sufuria moja, sombe na karanga, wali na maharagi. Na aliyekuwa karibu na ziwa Albert, huko Kasenyi na Tchomia, alitia samaki wadogo ndani ya majani. Kwa hiyo anayekula hivyo leo asiseme "tu". Anakula chakula ambacho wataalamu wanakisifu.

Mtoto hana tumbo la mtu mzima

Tukiishia hapo, tutakuwa tumesema nusu ya ukweli, na nusu hiyo inaweza kuua. Kuna watu wanaosema katika mikutano kwamba maharagi yanatosha kwa wote. Hayatoshi kwa wote.

Tumbo la mtoto wa miezi minane linachukua kikombe kimoja hivi, basi. Hawezi kula sahani iliyojaa maharagi hata ukimlazimisha. Anahitaji chakula kidogo chenye vitu vingi ndani. Tena protini si kitu pekee anachotafuta. Anahitaji madini ya chuma kwa ajili ya damu. Chuma cha maharagi kipo, lakini kinaingia mwilini kwa shida kuliko chuma cha nyama na ini. Anahitaji zinki ili akue na ashinde kuhara. Na anahitaji vitamini B12 kwa ajili ya damu na ubongo; hiyo haipo katika maharagi, wala katika soja, wala katika karanga. Inatoka kwa wanyama: samaki, nyama, yai, maziwa.

Ndiyo maana OMS, katika mwongozo wake wa mwaka 2023 juu ya watoto wa miezi 6 hadi 23, inasema mtoto apewe nyama, samaki au yai kila siku. Kabla ya miezi sita ni ziwa la mama peke yake. Baada ya hapo ziwa linaendelea mpaka miaka miwili au zaidi, pamoja na chakula.

Kama kuna anayebisha kwamba mimea na wanyama vinasaidiana, aangalie ile pakiti ambayo wazazi wetu wengi wanaijua, Plumpy'Nut. Ilibuniwa nchini Ufaransa mwaka 1996 na daktari André Briend pamoja na kampuni ya Nutriset. Ndani mna nini? Karanga zilizosagwa, unga wa maziwa, mafuta, sukari, vitamini na madini. Karanga ni ya shamba, maziwa ni ya ngombe. Dawa inayomrudisha mtoto kutoka mlango wa kaburi haikuchagua upande mmoja. Kwa sababu hiyo pia, mzazi asiuze pakiti hizo sokoni, na mtu mzima asizile. Ni dawa ya yule mtoto aliyepimwa.

Na kupima si kazi ngumu. Rele wa afya katika mitaa na makambi wana utepe wa kupima mkono. Mkono wa mtoto wa miezi 6 hadi miaka 5 ukiwa chini ya milimita 115, utepe unaonyesha nyekundu: apelekwe haraka kwenye kituo cha afya. Na miguu yote miwili ikivimba, ukibonyeza kwa kidole na shimo linabaki, usisubiri utepe. Hiyo ndiyo kwashiorkor, ambayo ndugu zetu wa Kivu wanaiita bwaki. Si uchawi, wala si uzito mzuri. Mtoto aliyevimba anaonekana mnene, kumbe anakwisha.

Firigisi ni ya nani?

Sasa tufike mahali ambapo maneno yanauma. Katika nyumba zetu nyingi, kuku akichinjwa, firigisi ni ya baba. Ini ni la baba. Mapaja ni ya wageni. Watoto wanapata shingo, miguu na supu. Ni desturi ya heshima, na hatuko hapa kuidharau. Wakati kuku walikuwa wengi uani, kila mtu alipata zamu yake. Lakini tangu Desemba 2017, vita viliporudi Djugu, familia zilizokuwa na ngombe, mbuzi na kuku zimejikuta zinanunua kila kitu kwa kopo. Kuku amekuwa wa Noeli. Desturi iliyotengenezwa wakati wa wingi, ikitumika wakati wa ukosefu, inamnyang'anya mdogo.

Supu nayo inatudanganya. Inanukia nyama, ina chumvi na mafuta, lakini protini na chuma vimebaki ndani ya kipande. Mtoto aliyekunywa supu ya nyama hakula nyama.

Kuna pia wazee wanaosema mtoto akila mayai atakuwa mwizi, na wanaomkataza mama mwenye mimba mayai. Wazee wetu, tunawaheshimu, lakini tuwaulize kwa upole: yai lilikuwa linalindwa ili liwe kifaranga, je, si hiyo sababu yenyewe? Nyumba ilitaka kuku, ikatisha watoto. Leo tunataka mtoto. Yai moja kwa siku, au hata yai moja kila siku mbili, ni kitu kidogo kwa baba lakini ni kitu kikubwa kwa mtoto wa mwaka mmoja.

Baba anayefanya kazi ngumu ya kubeba mizigo au kuchimba mchanga atauliza: na mimi je, nguvu nitatoa wapi? Baba, nguvu yako iko kwenye fufu ya mahindi, maharagi sahani nzima, karanga na mafuta. Mwili wako umekwisha kujengwa, unatunzwa tu. Wa mtoto wako ndio unajengwa sasa. Ubongo ambao haukupata chuma katika miaka miwili ya kwanza hauna nafasi nyingine ya kirahisi ya kurudi nyuma.

Kwa wenye franka chache

Mtu atasema: maneno mazuri, lakini nyama naipata wapi? Tusianze na nyama. Tuanze na ndakala. Wasafishe, waoshe, wakaushe tena juani au juu ya moto mdogo, watwange pamoja na vichwa na mifupa mpaka wawe unga laini, uchekeche. Kijiko kimoja ndani ya uji wa mtoto kila siku kinampa protini, B12, zinki na chokaa ya mifupa. Kopo moja linaweza kumfikisha mbali kuliko kipande cha nyama kinachokwisha siku moja. Makayabu ni tofauti: yana chumvi nyingi, usimpe mtoto mdogo kabla ya kuyaloweka na kubadilisha maji mara kadhaa.

Baada ya ndakala ni yai, liive kabisa. Maziwa ya ngombe, lazima yachemke, maana maziwa mabichi yanaleta magonjwa kama kifua kikuu na brusela. Ini kidogo likipatikana, lisagwe kwa mtoto na kwa mama mwenye mimba. Kumbikumbi wakitoka na mvua, wakusanywe bila haya. Ni protini ya bure, na wazee wetu waliijua.

Kwa anayekaa mahali padogo asipoweza kufuga mbuzi, kuna dende, wale wanyama wadogo ambao wengi wanawaita kobai. Wanakula majani na maganda, wanazaa haraka, na kwa macho ya mwizi hawana thamani kama ngombe. Kivu ya Kusini familia nyingi zimewafuga wakati wa vita kwa sababu mtu anaweza hata kukimbia nao ndani ya kikapu.

Tahadhari moja juu ya nyama ya pori. Sisi wa Ituri tulikuwa ndani ya ule mlipuko wa Ebola uliotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 na kumalizika tarehe 25 Juni 2020, uliowaua watu zaidi ya 2,200. Mnyama aliyekutwa amekufa porini asiguswe wala asiuzwe, hata njaa ikoje. Na ngombe aliyekufa mwenyewe bila kuchinjwa asiliwe.

Upande wa mimea, soja inastahili heshima zaidi. Lakini soja mbichi inazuia tumbo kusaga protini. Lazima ikaangwe au ichemke vizuri kabla ya kuwa unga. Unga huo ukichanganywa na mahindi na mtama unatoa uji ambao wengine wanauita masoso. Karanga zenye ukungu au uchungu zitupwe, hazifai hata kwa kusaga, kwa maana ukungu wake una sumu inayoharibu ini. Na ili chuma cha maharagi kiingie mwilini, kula pamoja nacho tunda lenye vitamini C, kama pera, chungwa au nanasi, na chai isubiri saa moja au mbili baada ya chakula. Chai juu ya maharagi inafunga chuma.

Wengine wenye simu wanasikia kutoka nchi za nje kwamba nyama inaleta kansa. Mwaka 2015 wataalamu wa OMS wanaochunguza kansa, walioko Lyon, waliweka kweli nyama za viwandani, kama sosiji, katika orodha ya vitu vinavyosababisha kansa, na nyama nyekundu katika orodha ya vile vinavyodhaniwa kuisababisha. Onyo hilo linamhusu mtu anayekula nyama kila siku, kwa wingi, kwa miaka. Anaweza kuwepo hata Bunia, katika yale mahoteli ya brosheti na bia. Kwake, maharagi ni dawa. Lakini mtoto wa Kigonze anayeona nyama mara moja kwa mwezi asinyimwe kwa kuogopeshwa na ugonjwa wa matajiri.

Kuni, barabara na mashamba

Kuna sababu nyingine inayofanya mama auze maharagi, nayo haina uhusiano na aibu: maharagi yanakula kuni. Saa tatu za moto. Kila mtu hapa anajua mwanamke anayekwenda kutafuta kuni nje ya kambi anakutana na nini. Basi tukisema "kuleni maharagi" bila kusema kuni, tunawatuma mama zetu kwenye hatari. Yalowekwe usiku kucha, maji yamwagwe, yapikwe na kifuniko. Muda wa moto unapungua sana, na gesi ya tumbo pia. Lakini kuloweka hakumalizi tatizo. Mashirika yanayogawa maharagi na njegere kavu yagawe pia majiko yanayotumia kuni kidogo na makaa ya kupikia, au yatoe unga wa soja uliokaangwa tayari. Kutoa chakula kisichoweza kupikwa ni kutoa nusu.

Tunajua kwamba mfuko wa misaada umepungua. Mwaka 2025 Marekani, iliyokuwa mfadhili mkubwa kuliko wote, ilikata misaada yake, na shirika lake la USAID likafunga milango tarehe 1 Julai. Mwaka huo huo Kongo ilihesabu karibu watu milioni 28 wenye njaa kali. Ndiyo sababu kile kinachobaki kigawanywe kwa akili: kikipunguzwa, kisianze kupunguzwa kwa watoto wa chini ya miaka miwili.

Kuna msomaji ambaye amekwisha kukasirika. Anasema: mnatufundisha sisi maskini kuridhika na maharagi, wakati sisi tulikuwa na ngombe zetu. Ana haki ya kukasirika. Ngombe wake waliibiwa au kuuawa, shamba lake liko nyuma ya wenye silaha, na hata kambini hakuwa salama: usiku wa tarehe 1 kuamkia 2 Februari 2022, Plaine Savo karibu na Bule, watu wapatao 60 waliuawa ndani ya kambi ya wakimbizi. Kujua thamani ya maharagi si kusahau ngombe. Ni kumlinda mtoto akue, ili siku ya kurudi awepo mtu wa kuchunga.

Kwa hiyo maneno yetu ya mwisho yanakwenda kwa viongozi. Ituri iko chini ya hali ya dharura tangu Mei 2021, na wananchi bado wanasubiri amani iliyoahidiwa. Lishe ya Bunia inaanzia barabarani: mahindi, maharagi na karanga za milima ya Djugu na Mahagi, samaki wa Kasenyi na Tchomia. Kila kizuizi cha kudai franka, kiwe cha wanamgambo au cha wanaovaa sare ya serikali, kinaongeza bei ya kijiko cha ndakala cha mtoto. Ondoeni vizuizi hivyo. Lindeni wakulima wiki za kupanda na wiki za kuvuna. Na INERA huko Nioka iwezeshwe kutoa mbegu nzuri za maharagi na soja kwa familia zinazorudi, kwa sababu mtu harudi shambani na mikono mitupu.

Na ninyi ndugu zetu wa nyumbani na wa makambini, msiwasubiri wao. Jioni ya leo sufuria ikifunguliwa, anza na kisahani cha yule mdogo. Mtilie kijiko cha ndakala au yai lake. Kisha wakubwa wapate maharagi yao, sahani iliyojaa, na akija mgeni akauliza mmekula nini, mjibuni: tumekula maharagi. Bila "tu".